Umeitwa Chuo Ambacho Shangazi Yako Hajawahi Kukisikia? Soma Hii

Kila mwaka KUCCPS ikitoa majina, mtandao unagawanyika mara mbili. Kuna wale wanaposti barua zao za mwaliko na emoji za moto, na kuna wale wananyamaza kabisa. Hawa wa kunyamaza hawakufeli. Wengi wana C+, wana B, hata B+. Shida yao ni kwamba wameitwa chuo ambacho wakikitaja mtu anauliza, "Hiyo iko wapi?" Kama umewahi kuulizwa hilo swali mezani, mbele ya wajomba, chapo bado iko mdomoni, unajua vile linauma.

Jumbe zenu nimeziona. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: niende huko, ama nikae nyumbani nitafute njia ya kuingia chuo chenye jina? Nitajibu hapa mara moja. Mimi nasema uende, lakini uende macho yakiwa wazi, na hapo kwa macho kuwa wazi ndipo nitakaa sana.

Kwanza hesabu. Kwa KCSE ya 2024, waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Waliopata A yenyewe walikuwa 1,693. Sasa chukua hiyo karibu robo milioni ya watu uwaweke kwa vile vyuo vitano au sita ambavyo kila mzazi wa Kenya anaviota. Hawatoshi, hata wakilala kwa korido. Kwa hivyo watu wengi wenye akili timamu na alama nzuri wataenda Chuka, Kibabii, Rongo, Karatina, Kirinyaga, Maasai Mara, Garissa, Alupe. Hakuna mtu amekuadhibu.

Halafu hivi vyuo vikubwa vyenyewe vilianzia wapi? Watu wanaongea ni kama vilishuka kutoka mbinguni vikiwa na lango na bendera. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi 1956 kikiwa chuo cha ufundi. Wakati huo jina kubwa Afrika Mashariki lilikuwa Makerere, ambayo ilikuwa imeanza tangu 1922. Nairobi ilikuja kuwa chuo kikuu cha kujitegemea 1970. Kenyatta ilianzia kwa kambi ya wanajeshi wa Waingereza, ambayo serikali ilikabidhiwa 1965 ikageuzwa chuo. JKUAT ilianza 1981 kwa msaada wa Japani ikitoa diploma na vyeti, na haikuwa chuo kikuu kamili mpaka 1994. Dedan Kimathi kule Nyeri, ambayo leo inatajwa kila mara watu wakiongea teknolojia, ilianza 1972 kwa pesa za harambee. Wazazi na wakulima walichanga ndio iwe. Ilipata hati ya kuwa chuo kikuu Desemba 2012, yaani kama chuo kikuu hiyo ni ndogo kuliko wengi wenu mnaosoma hii.

Kila mojawapo ya hizo ilikuwa na wanafunzi wa kwanza ambao waliulizwa, "Hiyo iko wapi?"

Najua mtu tayari anaandika, "Lakini wewe si uliacha chuo? Unatushauri kama nani?" Sawa. Niliacha, mwaka wa pili, na nilikuwa kwa chuo kikubwa. Jina nalihifadhi. Kwa zile kozi za pamoja tulikuwa mamia kwa ukumbi mmoja. Ukichelewa dakika kumi unasimama nje dirishani, daftari umeliegemeza ukutani, unaandika kile unasikia. Miaka yote niliyokaa pale hakuna mhadhiri hata mmoja aliyejua jina langu, na siwalaumu, kwa sababu nani anaweza kukariri majina mia nne? Halafu alama zangu za somo moja zikapotea. Komredi yeyote anaijua hiyo hadithi. Nilikuwa nimefanya mtihani, nimetia sahihi, lakini kwa mfumo hakuna kitu. Idara ikanituma kwa kitivo, kitivo ikanituma kwa ofisi ya mitihani, ofisi ya mitihani ikanirudisha kwa mhadhiri wa muda ambaye alikuwa ameshaenda kufundisha kwingine na simu hashiki. Muhula mzima nilikuwa mtu wa foleni. Wakati huo karo ilikuwa inadaiwa na video zangu zilikuwa zimeanza kunilipa kodi ya nyumba. Nikafunga hiyo kurasa. Sihubiri watu waache shule, hiyo ni stori ya siku nyingine. Ninachosema ni kwamba jina kubwa nililokuwa nimelivaa kifuani kwa hudi halikunipatia mtu mmoja wa kufungua kabati na kutafuta karatasi yangu.

Kwa hivyo dadangu mdogo alipoitwa chuo, mimi nilikuwa na maswali tofauti na ya watu wengine nyumbani.

Sisi ni watu wa Kitale. Alifanya KCSE 2023 akapata B. Alikuwa ameomba uhandisi wa ujenzi kwa vyuo vyenye jina, akaitwa chaguo lake la chini kabisa: uhandisi wa migodi, Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Siku hiyo kwetu palikuwa kama matanga. Shangazi alishika kichwa akasema, "Mtoto wa msichana, uhandisi wa mashimo, tena huko kwa ndovu?" Baba hakusema kitu. Baba akinyamaza ujue kuna kitu kitauzwa.

Kweli, baada ya siku mbili alikuwa na mpango. Auze robo ekari, ile ya kando ya barabara, ampeleke chuo fulani binafsi Nairobi asomee biashara. "Angalau Nairobi watu wanaijua," akaniambia kwa simu. Nikamuuliza, "Baba, ni biashara alitaka kusoma?" Akasema hapana, lakini ataipenda.

Hapo kuna kitu familia nyingi haziambiwi. Kwa ule mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ukikubali nafasi yako kwa chuo cha umma unaweza kupata ufadhili wa serikali ambao haulipwi, pamoja na mkopo, kulingana na hali ya nyumbani kwenu. Ukihamia chuo binafsi, ule ufadhili unauacha mlangoni. Unabaki na mkopo wa HELB na mfuko wa mzazi. Hiyo robo ekari ingelipa mwaka mmoja, labda na nusu. Halafu? Nilimwandikia baba hizo hesabu kwa karatasi, nikampigia picha nikamtumia. Hakujibu siku tatu. Kwa nyumba yetu siku tatu bila jibu ni mjadala mkali.

Aliyeamua ni dadangu mwenyewe. Alisema, "Wacha niende nione. Mkitaka kuuza shamba, mtauza nikisharudi." Alikuja kulala kwangu Umoja usiku mmoja, asubuhi nikamsindikiza akapanda ile treni inayosimama vituo vya njiani, akashuka Voi na sanduku na godoro.

Sasa niwaambie kitu ambacho hata mimi sikuwa najua. Kuna vyuo vipya vilivyowekwa mahali fulani kwa sababu ya siasa tu, kila kaunti ilitaka chake. Sikatai. Lakini kuna vingine, mahali vilipo ndio maabara yenyewe. Taita Taveta imekaa juu ya mawe ya thamani. Lile jiwe la kijani linaitwa tsavorite limepewa jina kutokana na Tsavo, hapo hapo. Watu wanachimba huko Kasigau na sehemu nyingine kwa sururu na koleo, wengine wana leseni, wengine wanazitafuta, na kila siku kuna ugomvi wa nani ana haki na ardhi. Ukisomea migodi pale hauhitaji kuambiwa na kitabu vile mgodi mdogo unafanana. Chuo chenyewe kina kituo cha umahiri cha uchimbaji madini kilichojengwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani, kwa msaada wa DAAD. Unajua ni wangapi kwa kijiji chetu walijua hivyo? Sifuri. Tulijua ndovu tu.

Angalia pia Kilifi. Chuo Kikuu cha Pwani kilikuwa taasisi ya kilimo zamani, kikapata hati 2013. Mtu wa Nairobi akisikia Pwani anafikiria bichi. Lakini kwa mji huo huo wa Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kimekuwepo tangu 1989, na chanjo ya malaria ya R21 ilifanyiwa majaribio huko. Kama unasoma biolojia na unataka kuona utafiti wa kiwango cha dunia, jirani yako wa karibu ni huyo. Ama Nyeri: mwaka wa 2015 mkutano wa kwanza wa Data Science Africa, ule unaokutanisha watu wa data kutoka bara zima, haukufanyika kwa hoteli ya Nairobi wala Cape Town. Ulifanyika Dedan Kimathi. Na leo ndani ya eneo la hicho chuo kuna kampuni inayotengeneza vipande vya semikondakta. Sehemu ambayo watu wangu wa Nairobi wanaijua kwa maziwa na majani chai.

Kwa hivyo kabla ukasirike na jina, uliza kwanza mahali chuo kilipo kuna nini, na kama kozi yako inakigusa. Umeitwa kusomea kitu cha baharini na chuo kiko karibu na bahari? Hiyo ni mali. Umeitwa kusomea kitu cha baharini na chuo kiko kilomita mia sita kutoka kwa maji ya chumvi? Hapo uliza vizuri.

Kitu cha pili ni watu. Dadangu aliniambia wiki ya tatu kwamba mhadhiri alimwita kwa jina. Yeye aliona ni kitu cha kawaida. Mimi nilinyamaza kwa simu. Darasa lao ni dogo kiasi kwamba ukikosa kuja, unaulizwa. Kifaa cha maabara anakishika yeye, haangalii mtu mwingine akikishika akiwa nyuma ya vichwa ishirini. Mwaka wa kwanza haujaisha, akawa tayari kwa kamati ya chama cha wanafunzi wa kozi yao, kwa sababu kazi ilikuwepo na watu walikuwa wachache. Hiki kitu cha kuwa wachache kina faida ambayo hatuiongelei. Kwa chuo kikubwa klabu ya filamu nilikuta ina wazee wake, ina viti vyake, ina siasa zake, mimi nikawa wa kubeba nyaya. Kwa chuo kinachokua, klabu ya filamu haipo. Ukiianzisha, ni wewe mwenyekiti, wewe kamera, wewe wa kuomba ukumbi kwa msimamizi wa wanafunzi. Utachoka, lakini utatoka hapo unajua kuanzisha kitu.

Sasa ule upande mwingine, kwa sababu sitaki mtu anitumie ujumbe mwaka kesho akisema nilimdanganya.

Kuna vyuo vipya ambavyo ni lango na kibao. Rafiki yangu wa mtaa alienda kimoja, sitakitaja, kozi ilikuwa imezinduliwa kwa mbwembwe na maabara haikuwa imefika. Walisoma kompyuta kwa ubao mwaka mzima. Mhadhiri wao wa somo kuu alikuwa wa muda, anafundisha vyuo vitatu, wiki ingine anakuja, wiki ingine anatuma noti kwa WhatsApp. Udogo peke yake hauna maana. Darasa la watu kumi na mhadhiri asiyekuja ni mbaya kuliko ukumbi wa mia nne na mhadhiri anayekuja.

Na kuna hii, ambayo naomba uisome mara mbili. Kama umeitwa kusomea uhandisi, nenda kwa Bodi ya Wahandisi wa Kenya uangalie kama kozi hiyo, kwa chuo hicho, imeidhinishwa. Usiangalie chuo peke yake, angalia kozi. Kuna watu Kenya walisoma uhandisi miaka mitano, wakavaa joho, halafu wakakataliwa kusajiliwa kwa sababu kozi yao haikuwa imetambuliwa na bodi. Sheria ina baraza lake, uuguzi una wake. Halafu kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ambayo ndiyo inapitisha kozi zote. Hii ni kazi ya saa moja na bando ya shilingi hamsini. Sisi tuliifanya kabla baba hajakubali, na nadhani hiyo ndiyo ilimlegeza kuliko maneno yangu yote, kwa sababu mzee wangu anaamini kitu kikiwa na muhuri.

Zaidi ya hapo, tafuta mtu mmoja aliye mwaka wa tatu au wa nne kwa hiyo kozi yenyewe. Si vigumu, wako TikTok wanacheza. Muulize vitu vya chini: mara ya mwisho waliingia maabara lini, alama zinatoka baada ya muda gani, waliomaliza mbele yao walifanyia atachimenti wapi. Akianza kucheka kabla ya kujibu, umepata jibu.

Ubaguzi wa majina upo pia, tusijifanye. Kuna maofisi Nairobi ambapo aliyeketi upande ule mwingine wa meza alisoma chuo fulani na anapenda kuona jina la chuo hicho kwa karatasi yako. Wale wa vyuo vikubwa wana mtandao: mwenzako wa darasa ana mjomba, mjomba ana kampuni. Dadangu hana hiyo. Ilibidi atafute nafasi ya atachimenti kwa kuandika barua mwenyewe, nyingi, nyingine hazikujibiwa kabisa. Mimi nilimsaidia kupanga wasifu wake, na kitu nilichogundua ni kwamba alikuwa na vitu vya kuandika. Ametaja vifaa alivyotumia, maeneo waliyoenda kuchukua sampuli, kazi aliyofanya kwa ile kamati. Wasifu wangu wa mwaka wa pili ulikuwa na jina la chuo kwa herufi kubwa, na chini yake "uwezo wa kufanya kazi kwa timu".

Wengine wenu mnauliza juu ya kuhama. KUCCPS huwa inafungua dirisha la kuomba kuhamia chuo kingine, na kama kozi uliyopewa hauitaki kabisa, omba, usione haya. Kukaa miaka minne ukisoma kitu unachokichukia ni mateso hata chuo kikiwa cha dhahabu. Ila kama unahama kwa sababu tu ya swali la wajomba, fikiria nani atakuwa anaamka saa kumi na moja kwenda darasani. Nimeona watu wakiacha kozi nzuri ya afya kwa chuo kipya, wakaenda kusoma "chochote kilichobaki" Nairobi, wakakaa chumba kimoja watu wanne kwa sababu ya kodi. Kwa ule mji mdogo wangekuwa na bedsita yao na pesa ya mboga. Hii ya maisha ya bei nafuu watu wanaidharau mpaka mkopo wa HELB uchelewe. Ukichelewa, na huwa unachelewa, ndio unajua tofauti ya kukwama mahali mama wa kibanda anakujua na kukwama mahali hakuna mtu anakujua.

Dadangu hajamaliza, kwa hivyo siwezi kuwaambia eti ameajiriwa na kampuni kubwa ya madini na sasa anajenga. Yuko katikati. Kuna siku ananipigia amechoka, anasema joto la huko linapikia mtu ubongo na hesabu hazielekei. Atachimenti alipata mwishowe, kwa machimbo ya mawe ya ujenzi, sio vito. Alikuwa na kofia ngumu na viatu vya chuma, na alikuwa msichana peke yake kwa timu. Wiki ya kwanza walimtuma chai. Ya pili alisoma ramani kuliko msimamizi wao, wakaacha kumtuma chai.

Shangazi sasa anasema kwa kikundi cha familia kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Robo ekari bado iko, msimu huu ina mahindi. Na baba, ambaye hakuwahi kusema neno "migodi" bila kuguna, ameanza tabia mpya: kila akiona jiwe linang'aa kidogo shambani analiokota, analiosha, analipiga picha na kunitumia. "Mwonyeshe injinia." Namtumia dadangu. Yote mpaka leo ni mawe ya kawaida tu, lakini hajawa na moyo wa kumwambia, kwa hivyo kila mara anamjibu kwamba ataliangalia vizuri akija likizo. Mzee ameyapanga kwa dirisha la sebuleni, yako kumi na nne sasa.